Bwana Mdogo Hapiti Langoni

Kuna watu wakikuta ng'ombe amesimama katikati ya njia, wanapita pembeni na kuendelea na safari zao. Mama ninayemsimulia hapa hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye angetua kikapu chini, amzunguke huyo ng'ombe, atazame kule ng'ombe anakotazama, kisha aanze kuuliza. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kwanini. Hata wateja waliompelekea nguo pale alipoweka cherehani yake, kwenye baraza ya duka la vyombo, walielekezana kwa jina hilohilo: nenda kwa Kwanini, anashona vizuri, ila ujiandae kuulizwa suruali ilichanika ukiwa unafanya nini.

Mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, alipenda kuwaambia wageni kwamba mkaza mwana wake huyu alipozaliwa hakulia, aliuliza. Utani tu huo. Lakini Kwanini mwenyewe aliwahi kumuuliza mama yake mzazi kama ni kweli.

Sasa tuje kwa farasi. Alikuwa wa nyumba ile tangu tumboni. Mama yake, jike la kijivu, ndiye aliyekuwa akivuta mchanga na matofali ya mume wa Kwanini, ambaye ni mwashi, na watu humwita Fundi. Mwashi kweli, si hawa wa siku hizi wanaobandika udongo wakauita ukuta. Mwaka mmoja mambo yakawaendea kombo. Fundi alianguka kutoka juu ya jukwaa la mbao, akavunjika nyonga. Hata hajatoka hospitali, jike likafa likizaa, likaacha kitoto chenye miguu mirefu kuliko akili zake. Kwanini akakilea kwa maziwa ya chupa. Kikamfuata jikoni, kikamfuata bombani, siku moja kikatumbukiza pua kwenye sufuria ya maharage kikapiga chafya, na chakula cha watu wazima kikaishia hapo.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, mwanangu," akasema, "yule mkubwa hajapona bado, na wewe tayari umeshapata bwana mdogo!"

Jina likanata.

Na yule mkubwa? Alirudi nyumbani kwa magongo mawili. Nyonga iliunga, lakini iliunga ovyo. Alimudu kutoka kitandani hadi kibarazani, na kutoka kibarazani hadi chooni, basi. Njia ya kutoka kwao ilikuwa mteremko wa mawe matupu, na pikipiki asingeweza kuipanda kwa sababu mguu haukufunguka tena. Siku ya kurudi kliniki walimpeleka kwa toroli. Toroli lake mwenyewe, lile la saruji! Wanaume waliokaa dukani wakacheka. Sisemi walicheka kwa ubaya, walicheka tu, na mmoja akauliza mfuko huo wa saruji unauzwaje. Fundi akacheka nao. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe, "Lango lile mimi sitoki tena, labda siku ya kunizika." Akashika neno lake. Mtu aliyejenga nusu ya mji akawa mtu wa kibarazani, na sauti yake, iliyokuwa ikisikika kutoka jukwaani hadi barabara kuu, ikashuka ikawa ya kuomba chumvi.

Kwanini hakuwa na maneno ya kumbembeleza mtu. Alikuwa na mikono. Aliamua kwamba Bwana Mdogo atakapokua atavuta mkokoteni mwepesi wenye kiti, na mumewe atatoka nje ameketi wima, hatamu mkononi, habebwi na mtu. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Akalifanyia kazi kimyakimya, kila jioni, kati ya kuanua nguo na kuinjika chai.

Na alikuwa na subira, yule mama, ingawa mdomo wake haukuwa nayo. Alianza kwa gunia. Alimpapasa farasi kwa gunia kuukuu shingoni, mgongoni, chini ya tumbo, mpaka farasi akaanza kusinzia. Alipotaka kumzoesha kelele, alifunga makopo kwenye kamba akayaburuta mwenyewe uani, akizunguka nayo huku mama mkwe akimuuliza kama ana homa. Lijamu, kile chuma cha kutiwa farasi mdomoni, alilipasha moto kiganjani kwanza, akalipaka asali kidogo. "Kwani wewe ungependa kutiwa chuma baridi mdomoni asubuhi?" alimuuliza mama mkwe, ambaye hakuwa ameuliza kitu. Jambo likikataa, alirudi kwenye lile lililokubali jana, akaanza tena. Mikanda ya kuvutia aliishona mwenyewe kutoka mikanda ya usalama ya magari mabovu, akaitia blanketi kwa ndani isimchubue. Mkokoteni ulichomelewa na fundi wa vyuma wa jirani, magurudumu yakatolewa kwenye pikipiki mbili zilizokwisha kazi.

Uani mambo yakaenda vizuri ajabu. Bwana Mdogo alizunguka mwembe... hapana, mwembe haukuwapo, alizunguka tangi la maji, akapita kati ya kamba za nguo, akasimama alipoambiwa, akarudi nyuma alipoambiwa. Mama mkwe, aliyekuwa haamini, alipandishwa mkokotenini akazungushwa na kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika.

Ndipo akaja kijana mmoja aliyekuwa msaidizi wa Fundi zamani. Nasema kijana kwa mazoea. Siku hizi ni msimamizi mwenye kitambi chake. Alikuja kusema kwamba wamepata kazi ya kujenga tangi kubwa la mawe kwa ajili ya kliniki, la duara, na hawajawahi kujenga la duara.

"Mikono tunayo, Fundi," alisema. "Macho ndiyo hatuna. Wewe njoo ukae tu kwenye kiti, utuambie."

Fundi alitazama sakafu. "Nikibebwa, siji," akasema. "Nikija mwenyewe, nakuja."

"Msingi tunaanza wiki ijayo. Tukikukosa tutamchukua yule fundi wa ng'ambo ya mto."

"Mchukueni. Anajua kazi."

Kwanini alikuwa jikoni anamenya viazi, akayasikia yote. Mgeni alipoondoka alichungulia. Alimwona mumewe ameinama kitini, anapitisha kidole gumba kwenye maungio ya matofali ya sakafu, taratibu, moja baada ya jingine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeagana. Kwanini akarudi kwenye viazi vyake akalia, na wala hakujidanganya kwamba ni moshi.

Kesho yake akamfunga Bwana Mdogo kwenye mkokoteni mtupu, akamwongoza hadi langoni. Lango likafunguliwa. Bwana Mdogo akafika kwenye kizingiti, akasimama.

Akamwambia twende. Akasimama. Akashika hatamu akavuta polepole. Wapi! Alitia kwato ardhini, akageuza kichwa, akamtazama mama yake huyu wa chupa kwa macho ya upole kabisa, huku midomo yake ikichezacheza kana kwamba anatafuna hewa.

"Huyo anakucheka," alisema mama mkwe.

Mwingine angekasirika. Kwanini alikasirika pia, nisimfanye malaika, alitupa kamba chini akamwita punda. Lakini hasira zake hazikudumu, kwa sababu udadisi ulizipiga kumbo. Kwa nini hapa? Kwa nini si pale kwenye tangi, wala pale kwenye kamba za nguo, ambapo mashuka yanapepea na farasi yeyote mwenye akili timamu angeogopa? Ana nini na lango?

Akaanza upelelezi. Kwanza alishuku bawaba, maana zilikuwa zikilia. Akazitia mafuta ya cherehani. Farasi akasimama. Akashuku bati lililofunika mfereji nje ya kizingiti, akalifukia kwa mchanga. Farasi akasimama. Akashuku kivuli cha nguzo, akasubiri jua lihame. Mwisho akang'oa lango zima, akaliegemeza ukutani, na Bwana Mdogo akasimama mbele ya uwazi mtupu kwa adabu zote.

Siku iliyofuata Kwanini alipiga magoti, akaweka mikono chini, akatambaa kutoka uani hadi nje ili aone dunia kama anavyoiona mnyama. Fundi viatu, jirani yao wa ng'ambo ya njia, aliinua kichwa kutoka kwenye kiatu alichokuwa akikigonga.

"Umepoteza sindano, jirani?"

"Natazama."

"Unatazama nini?"

"Ndicho ninachokitafuta!"

Fundi viatu akatikisa kichwa. "Mimi nina fimbo nzuri hapa. Fimbo mbili za mgongo, utaona kama hatapita."

"Atapita akikimbia," alisema Kwanini, akijifuta magoti. "Halafu mume wangu nimwokote kwenye mfereji gani?"

Basi akajaribu kumbembeleza. Alichukua kipande cha mkate mkavu, akamwonyesha akiwa upande wa nje. Bwana Mdogo alinyoosha shingo mpaka ikakaribia kukatika, akauchukua mkate, akautafuna kwa raha, na sasa akasimama imara kuliko mwanzo. Akapewa wa pili. Akasimama kama nguzo ya lango iliyoota mkia. Ilibidi mama mkwe aingie ndani akalale kwa kicheko.

Siku zikaisha. Msingi ulikuwa uanze kesho, na Kwanini akakata tamaa. Asubuhi hiyo aliondoka kwenda kazini kama kawaida, mkoba begani, moyo mzito. Alifika karibu na duka, akagundua kwamba amesahau mkasi. Mshonaji bila mkasi ni mtu aliyekaa tu barazani, kwa hiyo akarudi, na kwa kuwa alikuwa na haraka alikata njia ya nyuma, akatokea ubavuni mwa ukuta, mahali ambapo tofali moja lilikuwa limetoka.

Nawe unadhani aliweza kupita tundu bila kuchungulia?

Bwana Mdogo alikuwa amesimama langoni. Hakufungwa kamba. Hakuna aliyemshika. Amesimama kwenye kizingiti palepale, masikio mbele, anatazama njia aliyoondokea Kwanini, hasogei hata kufukuza inzi.

Kwanini akaingia, akaenda kibarazani kwa mumewe. "Huwa anasimama pale?"

"Kila siku," alisema Fundi.

"Tangu lini?"

"Tangu mdogo. Ukishaondoka anasimama mpaka anaona imetosha, halafu anakuja hapa kwangu." Akagonga gongo lake sakafuni mara moja, polepole. Kule langoni farasi akageuka, akaja, akaegesha kidevu kwenye ukingo wa kibaraza. Fundi akagonga tena, farasi akapiga hatua mbele. Akagonga, akapiga nyingine. "Tunazungumza kidogo. Mchana mrefu huu."

Kwanini alitoa macho. Miaka yote hiyo alidhani anawaacha mume na farasi wamekaa kimya, kila mmoja na lake. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi," alisema Fundi. "Uliuliza bawaba."

Akaketi chini. Na hapo ndipo kitu kilipomwingia. Bwana Mdogo alipokuwa kitoto alimfuata kila aendako, na asubuhi moja aliponyoka hadi barabarani, lori likamkosa kidogo tu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi bila kukosa, Kwanini alisimama naye langoni, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akampa kipande cha mkate mkavu, akamwambia, "Hapa. Baki hapahapa." Kisha akaenda kazini. Kwake yeye ilikuwa kuagana tu. Hakuwahi kuihesabu kuwa somo. Kumbe ndilo somo la kwanza alilompa, na ndilo alilolirudia kuliko mengine yote. Farasi hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa akitii. Alifika langoni, akasimama, akageuka kusubiri kiganja na mkate wake, na juzi alipopewa mkate akajua amefanya vyema.

"Jamani," alisema Kwanini. "Ni mimi. Ni mimi niliyemfundisha asitoke."

Fundi alikuwa akimkuna farasi chini ya sikio.

"Si yeye peke yake," akasema.

Hakulisema kwa ugomvi. Angelisema kwa ugomvi Kwanini angejua la kujibu. Aliona mara moja asubuhi zake zote: mto nyuma ya mgongo wa mume, redio karibu, chai kwenye chupa, wewe kaa tu, usijisumbue, hilo acha nitafanya nikirudi. Wakati mmoja Fundi alijaribu kuteremka ngazi peke yake, akayumba, na yeye akapiga ukelele akamrudisha kitini. Watu wa dukani walicheka siku moja. Yeye alimrudisha kitini kila siku. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mapenzi.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza hivyo tangu aanguke.

Fundi alifikiri. "Niletee matofali yale ya nyuma," akasema. "Na udongo, ukande mzito. Nikae chini mwenyewe. Mkokoteni ule uko juu, siwezi kuupanda bila ngazi."

Mchana ule Kwanini hakwenda kushona. Fundi aliketi chini, mguu mbovu ameunyoosha, akajenga ngazi ya vidato vipana kando ya kibaraza, akifoka kila tofali lilipoletwa likiwa na pembe iliyovunjika. Jasho lilimtoka. Kidato cha tatu alikibomoa akakijenga upya kwa sababu kilimuudhi. Kwanini alitaka kumfuta uso mara kadhaa, akajizuia, akaenda kuteka maji yasiyohitajika.

Asubuhi ya msingi walipatana hivi: Kwanini atamfunga farasi kwenye mkokoteni, kisha ataingia jikoni, atafunga mlango, na hatachungulia. Bwana Mdogo asimwone kabisa. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa Kwanini ilikuwa adhabu. Aliketi kwenye kigoda, kisogo kwa dirisha, na mama mkwe akasimama dirishani awe macho yake.

"Enhe, mama? Amepanda?"

"Amepanda."

"Mwenyewe?"

"Wewe si uko hapa? Nani mwingine ampandishe?"

Magurudumu yakasikika yakisaga changarawe. Yakanyamaza.

"Wamefika langoni," alisema mama mkwe.

"Anafanya nini?"

"Amesimama."

"Nani?"

"Wote."

Kwanini akashika kingo za kigoda. "Fundi anasema kitu?"

"Sisikii, wewe unaongea."

"Anamvuta?"

"Hamvuti. Amekaa tu. Farasi anageuza kichwa, anakutafuta."

"Nitoke?"

"Thubutu!"

Kuku aliyekuwa jikoni alimtazama Kwanini, akaingia chini ya meza. Kisha likasikika gongo likigonga sakafu ya mkokoteni. Mara moja, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua vizuri. Halafu tena.

"Mama?"

Dirishani pazia likachakarika tu.

"Mama, niambie basi, roho itanitoka!"

Kwanini akageuka. Mama mkwe wake, mwenye mdomo usiokosa neno, alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Njiani sauti ya fundi viatu ilipaa, "Aaa, Fundi! Wewe huyo!" na sauti ya Fundi ikajibu kitu, na kicheko kikafuata, kikateremka pamoja na magurudumu mpaka hakikusikika tena.

Siku hiyo Kwanini, mawazo yakiwa mbali, alishona mfuko wa shati upande wa ndani. Alirudi mapema, akaketi kibarazani kwenye kiti cha mumewe, na alishangaa jinsi njia isivyoonekana kutoka pale.

Walirejea jua likianza kupoa. Kabla ya mkokoteni kuonekana, sauti ilitangulia. Fundi alikuwa akifoka. Alifoka langoni, alifoka uani, alifoka akimsimamisha Bwana Mdogo kando ya ngazi ya matofali.

"Mawe madogo chini, makubwa juu! Nani aliwafundisha? Na kamba ya kupimia duara wameifunga kwenye mti unaoyumba! Mti unaoyumba, mke wangu! Nimewaambia waung'oe msingi wote. Kesho naondoka mapema kuliko leo."

Kwanini alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu siku ya kuanguka. Alikuwa na maswali ya kujaza gunia: farasi aliogopa wapi, waliokaa dukani walisema nini, alikula nini, nyonga inauma kiasi gani. Akakimbilia kwenye mkokoteni, akanyoosha mkono amshike mumewe ashuke.

"Acha," alisema Fundi.

Akaurudisha mkono. Kwa muda hakujua auweke wapi, akaishia kuushika kwa ule mwingine, akasimama hivyo, anafurahi na inamuuma. Fundi akashuka polepole, gongo kwanza, mguu mzima baadaye, na mbovu mwisho, huku akiendelea kugomba kuhusu yale mawe.